Kula Guangzhou bila Kichina: tumia macho, mdomo uupumzishe

Maonyesho ya biashara ya Canton, hapa Guangzhou kusini mwa China, hufanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia Aprili na tena kuanzia Oktoba, na kila yanapokaribia simu yangu hujaa sauti za wageni wanaojiandaa kuja Guangzhou kufunga mzigo. Ungedhani wataanza na bei ya kontena au hali ya ushuru bandarini. Wapi! Swali la kwanza ni lilelile: "Dada, huko tutakula nini?" La pili linafuata kabla sijajibu la kwanza: "Na tutaagizaje, Kichina chenyewe hatukijui?"

Mimi ni mtu wa Tanga ninayeishi Xiaobei, mtaa ambao ukisimama nje kidogo tu utasikia Kiswahili, Kilingala, Kifaransa na Kiarabu. Kazi yangu ni uwakala. Nawapeleka wafanyabiashara masokoni na viwandani, nakagua mzigo, nasimamia ufungaji mpaka kontena linafungwa lakiri. Kulisha wageni hakumo katika makubaliano yetu, ila mgeni mwenye njaa hakagui mzigo. Anatia sahihi haraka ili arudi hotelini. Kwa hiyo suala la chakula nimelivaa, na nina msimamo ambao wengi huupinga mpaka wafike: usijisumbue kujifunza kusema majina ya vyakula. Jifunze kuyatambua kwa macho.

Najua watu huja wamejiandaa. Kuna waliokariri sentensi za YouTube ndani ya ndege kutoka Dar hadi hapa, na wanazitoa kwa kujiamini kabisa mbele ya mhudumu. Mhudumu anakodoa macho. Kichina sanifu kina toni nne, na silabi ileile ikibadili toni inakuwa neno jingine. "Tang" ikikaa juu bila kuyumba ni supu, ikipanda ni sukari. "Yan" ikipanda ni chumvi, ikikaa juu ni sigara. Mzee mmoja wa Mwanza aliomba chumvi ya kutia kwenye mayai yake, akarudia mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi, na yule binti mhudumu akamwonyesha bango la ukutani linalokataza kuvuta. Mzee akaniambia, "Hawa hawana hata chumvi?"

Halafu kuna jambo la pili ambalo hakuna anayewaambia wageni. Hata ukikisema Kichina sanifu vizuri, Guangzhou ni mji wa Kikantoni. Wenyeji wazee nyumbani wanazungumza Kikantoni, mpishi katoka mkoa wa Hunan, mwenye duka katoka mkoa wa Sichuan, na kila mmoja ana lafudhi yake. Ng'ombe kwa Kichina sanifu ni "niu", kwa Kikantoni ni "ngau". Lakini wote hao wakiandika ng'ombe, wanaandika 牛. Ukiijua alama hiyo hapa, unaijua Beijing na unaijua Urumqi, kule mbali kaskazini magharibi. Ndiyo maana nasema macho yana faida kuliko mdomo.

Kwa hiyo mgeni wangu akitua nampa herufi chache tu, usiku wa kwanza, kabla hajalala. 牛 ni ng'ombe. 羊 ni kondoo au mbuzi, wote wawili, Wachina hawajajisumbua kuwatenganisha. Tazama zile pembe mbili juu. 鱼 ni samaki. 鸡 ni kuku, na hapa nawatahadharisha kwamba bata ni 鸭 na bata bukini ni 鹅: upande wa kulia wote watatu wana ndege yuleyule, kwa hiyo tazama upande wa kushoto. Mkoa huu wa Guangdong unapenda sana bata na bata bukini wa kuchoma, na wageni wengi wanaosifia "kuku wa Guangzhou alivyonona" hawakula kuku. 面 ni tambi, 饭 ni wali, 蛋 ni yai, 汤 ni supu. 猪 ni nguruwe.

Imebaki moja, nayo ndiyo ya kuishika kuliko zote: 肉, nyama. Hii ikitanguliwa na mnyama hakuna tatizo, 牛肉 ni nyama ya ng'ombe, 羊肉 ya kondoo. Lakini ukiikuta imesimama peke yake, bila mnyama mbele yake, hiyo ni kitimoto. Hawaoni haja ya kutaja. Kwa Wachina walio wengi nguruwe ndiyo nyama ya kila siku, na nyama nyingine ndizo zinazohitaji kutambulishwa. Mkate uliojazwa 肉, tambi za 肉, tofu (ile ya maharage ya soya) na vipande vya 肉: vyote ni yeye. Nilikuwa nalieleza hili mezani kwa msisitizo wote, kijana mmoja wa Moshi akanikatiza: "Dada, hebu rudia hiyo herufi mnayoikimbia, mimi niipige picha."

Basi hata ukizijua herufi hizi, menyu ina vichaka vyake. Kuna chakula maarufu cha Sichuan, 鱼香肉丝, ambacho kinaanza na alama ya samaki. Mgeni akishaiona 鱼 anafurahi, anaonyesha kwa kidole, na sahani inakuja bila hata mfupa mmoja wa samaki. Samaki pale ni jina la mchuzi tu, ule wa pilipili, tangawizi, vitunguu saumu na siki uliozoeleka kupikia samaki. Kilichomo ni vipande vyembamba vya nguruwe, na ndiyo maana 肉 imekaa katikati. Biringanya za mchuzi huohuo nazo mara nyingi hutiwa kima. Mapo tofu, ile nyekundu inayowasha na kufisha ganzi mdomo, ina kima pia. Kuna tambi za kioo zinazoitwa "sisimizi wanaopanda mti". Hao sisimizi ni kima ya nguruwe. Na mboga za majani zenyewe, katika migahawa mingi midogo, hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe kwa sababu yanazipa harufu wanayoipenda. Mtu akiniambia "mimi nitakula mboga tu niepuke matatizo", namwambia ndugu yangu, hujaepuka kitu.

Kwa Waislamu, na hata kwa wasio Waislamu waliochoka kukisia, dawa ni herufi mbili: 清真, "qingzhen". Hiyo ndiyo halali. Usitegemee kuona neno halali kwa Kiarabu juu ya mlango. Zamani lilikuwepo karibu kila mahali, lakini miaka ya karibuni serikali imeyabana maandishi hayo. Beijing, kwa mfano, mwaka 2019 migahawa iliambiwa iyaondoe kwenye mabango. Herufi za Kichina ndizo zilizobaki, mara nyingi kwenye bango la kijani au la bluu.

Na mgahawa wa qingzhen utakaoukuta kila kona ya China ni ule wa tambi za Lanzhou. Hapa niruhusuni nikae kidogo, maana ndipo wageni wangu walipookokea, na mimi pia.

Lanzhou ni mji mkuu wa mkoa wa Gansu, huko kaskazini magharibi, mbali sana na sisi. Lakini wenye vibanda hivi mitaani kwetu si watu wa Lanzhou hasa. Wengi ni Waislamu, Wahui na Wasalar, kutoka wilaya ya Hualong katika mkoa jirani wa Qinghai, sehemu ya milima na kilimo kigumu, waliotoka familia kwa familia wakasambaa nchi nzima na ujuzi mmoja wa kuvuta unga. Ukiingia utawajua: mwanamume na kikofia cheupe jikoni, mkewe na mtandio kwenye kaunta, na mtoto anafanya homuweki kwenye meza ya pembeni, akikuibia jicho. Ukimtolea salamu ya "Assalaam alaikum" unajibiwa vizuri, na hapo umeshapata ndugu bila toni hata moja.

Kuagiza ni kuinua kichwa. Juu ya kaunta ukuta mzima una picha za vyakula, kila picha na jina lake na bei yake kwa tarakimu zetu hizihizi. Unaonyesha. Wanaandika. Basi. Bakuli la tambi za nyama ya ng'ombe, 牛肉面, kwa hapa ni yuan 15 hadi 20 hivi, na yuan moja ni zaidi ya shilingi 300 za Tanzania, piga hesabu mwenyewe. Jikoni kuko wazi, kwa hiyo ukishaagiza unamwona jamaa anakata donge la unga, analivuta mpaka mikono inafika mwisho, analikunja, analivuta tena. Kila mkunjo unazidisha nyuzi mara mbili. Mikunjo saba ni nyuzi 128. Vumbi la unga linaruka, tambi zinaingia kwenye maji yanayochemka, na kabla hujamaliza kujibu ujumbe mmoja wa WhatsApp bakuli liko mbele yako. Wenyewe wana kanuni ya bakuli zuri: supu iwe safi unaona chini, figili ziwe nyeupe, mafuta ya pilipili mekundu, kotimiri mbichi, na tambi ziwe na umanjano wake.

Wanaweza kukuuliza upana wa tambi. Wanataka kujua kama unazitaka nyembamba kama uzi, za wastani, au pana kama mkanda. Usihangaike na majina. Onyesha kwa vidole viwili upana unaoutaka. Wageni wangu wote hulalamikia nyama, maana ni vipande vitatu vinne vyembamba ambavyo upepo unaweza kuvibeba. Kwa hilo peke yake nafundisha kusema maneno: "jia rou", ongeza nyama. Kwenye duka la qingzhen 肉 haina utata. "Jia dan" ni ongeza yai.

Lakini siri ya vibanda hivi kwa mtu wa pwani si tambi, ni 盖饭, "gaifan". Ni wali uliomwagiwa mchuzi juu, sahani moja. Wali na ng'ombe wa viazi, wali na kuku, wali na mayai ya nyanya. Mtu aliyekaa siku nzima sokoni, ameng'ang'ana na vijiti kwa tambi zinazoteleza, ukimwekea gaifan na kijiko utadhani umemrudisha kwa mama ntilie wake. Mkiwa wanne au zaidi, tafuteni 大盘鸡, sinia kubwa la kuku wa vipande na viazi na pilipili hoho kwa mtindo wa Xinjiang, eneo la kaskazini magharibi, na tambi pana zinatupiwa kwenye mchuzi mkishaanza kula. Kwa Wauighuri wa Xinjiang kuna na pilau, 抓饭, ya karoti na nyama ya kondoo, na mishkaki ya kondoo iliyonyunyiziwa binzari ya pilau hata harufu inakufikia kabla hujaona moshi. Watu wa Zanzibar niliowapeleka huko hubishana kuhusu ile pilau: kwamba karoti zimezidi, kwamba viungo ni vichache. Sahani huwa zinarudi tupu.

Tahadhari moja: bia usiulize. Maduka mengi ya qingzhen hayauzi pombe na hayataki uingie nayo.

Sasa tutoke huko, maana huwezi kula tambi za Lanzhou wiki mbili mfululizo, japo nimewaona waliojaribu. Kwenye migahawa ya kawaida ya mjini siku hizi mhudumu haji na menyu. Anakuelekeza kwa kidole kwenye kona ya meza na kusema "sao ma". Maana yake ni piga skani. Pale pamebandikwa kile kimraba cha QR. Unakifungua kwa WeChat au Alipay, programu za simu ambazo Wachina hulipia karibu kila kitu, menyu inatokea kwenye simu, unachagua, unalipa, chakula kinakuja. Wageni wengi huogopa wakiona hivi. Mimi nasema mashine hii imetuokoa sisi tusiojua lugha. Ina picha, ina bei, haikuharakishi, na haikucheki ukikosea toni.

Ila ujue inavyofanya kazi. Kabla ya yote itakuuliza mko wangapi, na hilo si la udadisi: Guangzhou chai hulipiwa kwa kichwa, kila aliyeketi, awe amekunywa au hakunywa. Ukibonyeza picha ya chakula, mara nyingi kinatokea kidirisha cha pili chenye vitufe. Hapo tafuta 辣, pilipili. 不辣 ni bila pilipili, 微辣 ni kidogo, 特辣 ni ya kutafuta ugomvi. Kama huelewi kilichoandikwa, piga picha ya kioo cha simu kisha ipeleke kwenye sehemu ya kutafsiri iliyomo ndani ya WeChat yenyewe. Usiitegemee Google, haifunguki hapa bila VPN, ile programu ya kupita vizuizi vya mtandao, na huduma yake ya kutafsiri kwa China bara ilifungwa mwaka 2022. Tafsiri zitakazokuja zitakuchekesha, lakini mnyama mara nyingi hazimkosei. Kuhusu malipo, tangu 2023 imekuwa rahisi zaidi kuunganisha Visa au Mastercard ya benki ya kwetu na Alipay au WeChat. Fanya hivyo ukiwa bado nyumbani, siyo mezani huku foleni ikikusubiri. Na bakshishi hakuna. Ukiacha noti mezani wanaweza kukukimbilia mpaka barabarani wakidhani umesahau.

Kuna migahawa ambayo haihitaji hata simu, ile yenye matangi ya maji mlangoni. Samaki wanaogelea, kamba, kaa, chaza, wengine hata jina la Kiswahili sijui. Unaonyesha kwa kidole, wanamvua, wanampima, wanakuletea akiwa bado anarukaruka ndani ya wavu ili umkubali. Kuagiza kwa namna hii ni raha tupu. Bili ndiyo shughuli.

Wafanyabiashara wangu, watu wanaoweza kubana bei ya kanga mpaka muuzaji akashika kichwa, wameumia hapa zaidi ya mahali pengine popote. Bei iliyoandikwa kwenye tangi si ya samaki. Ni ya 斤, "jin", yaani nusu kilo. Ukiona 68 ukadhani ni sahani, na samaki uliyemwonyesha ana jin tatu, hiyo ni 204 tayari. Kwa kaa ni balaa. Na pakiandikwa 时价, hapo hakuna bei kabisa, ni kwa jinsi soko lilivyoamka leo. Toa kalkuleta kwenye simu, ile ile mnayogombania bei sokoni, mpe mhudumu aandike jumla kabla samaki hajaingia jikoni. Ukishaitikia kwa kichwa mbele ya ule wavu, umenunua.

Mapishi yenyewe? Wakantoni humpika samaki kwa mvuke, mzima, na kichwa na macho, tangawizi na majani ya kitunguu juu, soya na mafuta ya moto yakimwagiwa mwishoni. Mimi nimelelewa kwa samaki wa kupaka na wa nazi, na nilidhani huyu ni wa wagonjwa. Sasa nasema wazi, samaki aliyekuwa hai nusu saa iliyopita hahitaji nazi. Tanga mnisamehe.

Adabu za mezani nitazipitia haraka. Utaletewa bakuli, kikombe, vijiti, birika la chai na bakuli kubwa tupu. Ile chai ya kwanza si ya kunywa. Wenyeji huosha nayo vyombo vyao na kuimwaga kwenye lile bakuli kubwa. Nimewahi kumzuia mgeni mkono ukiwa njiani. Vyombo vikija vimefungwa kwa nailoni, kifungashio hicho kina bei, yuan moja au mbili. Maji ukiomba yatakuja ya moto, hata Julai.

Wali je? Hapa pana ugomvi wa kudumu. Kwetu wali ndiyo chakula, na vingine vyote ni kitoweo. Kwenye mgahawa wa Kichina, hasa mkiwa kundi mmeagiza sahani nyingi za kushirikiana, wali ni kitu cha mwisho, wa kujazia tumbo baada ya utamu. Samaki anakuja, mboga zinakuja, kuku anakuja, watu wangu wamekaa wanatazamana, hakuna anayeanza, vyakula vinapoa. Mhudumu naye anashangaa hawa wameagiza chakula cha kutazama. Lazima useme mapema, au uonyeshe maandishi, kwamba wali uje pamoja.

Mboga zitawafurahisha wengi. Nilikaa na mama mmoja wa Kariakoo, mtu mzima, anauza mapazia, na tangu afike alikuwa anakula ndizi na biskuti hotelini kwa kukosa imani. Nikaagiza 番薯叶 za vitunguu saumu. Sahani ilipofika akaiinamia, akachukua jani moja kwa vidole, akalinusa. "Mwanangu, haya si matembele?" Nikamwambia shikamoo mama, ndiyo yenyewe. Watu wa Guangdong wanakula majani ya viazi vitamu kama sisi, tena karibu kila mgahawa. Mchicha nao upo, 苋菜, wa kijani na ule mwekundu unaoacha mchuzi wa rangi. Ila mchicha mara nyingi huletwa kwenye supu iliyoandikwa 上汤, na hiyo supu kwa kawaida imechemshwa kwa mifupa na nyama ya nguruwe. Vile vipande vyeusi vinavyong'aa ndani yake ni mayai ya bata yaliyohifadhiwa kwa majivu na chokaa. Usiyetaka hayo yote, tafuta 蒜蓉 mbele ya jina la mboga, vitunguu saumu vilivyosagwa, kisha uonyeshe na kadi nitakayoieleza. Bamia zipo, 秋葵. Mlenda sijaukuta. Ugali, kama unauwaza, beba unga wako.

Vidole navyo vinahitaji elimu. Wachina huhesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja. Kidole gumba na cha mwisho vikinyooshwa ni sita. Gumba na cha shahada, bastola, ni nane. Cha shahada kilichopindwa ni tisa. Kwa hiyo muuzaji wa mikate ya asubuhi akikunyooshea bastola hana ugomvi na wewe. Anataka yuan nane.

Kuna wanaosema, kwa nini kujitesa, Xiaobei imejaa migahawa ya Kiarabu, Kituruki, ya Wanaijeria na Wahabeshi, nenda huko kila siku. Sina neno na migahawa hiyo. Mimi mwenyewe Ijumaa huwa huko. Lakini mgeni anayekula Xiaobei tu hujifunga. Viwanda viko Foshan, viko Dongguan, viko Zhongshan, na huko mchana ukifika hakuna Mnaijeria atakayekuokoa. Nimeshuhudia watu wazima wanatoka kiwandani saa nane mchana kwa njaa, jikoni zote zimefungwa mpaka saa kumi na moja jioni, wanaishia na tambi za kikopo za dukani, nazo wamechukua zenye 猪 ubavuni kwa sababu picha ilifanana na ng'ombe. Kama ungeitambua alama moja tu ungekula kwa amani.

Ile kadi sasa, yaani sentensi za Kichina zilizo hapa chini. Ipige picha, iweke mbele kwenye simu, na uwe na nakala ya karatasi kwa siku betri itakapokufia. Nikumbushe tu kwamba haigeuzi chakula kuwa halali. Kuku wa mgahawa wa kawaida hajachinjwa kwa Bismillahi. Anayeshikilia hilo abaki kwenye 清真. Kwa wengine, mhudumu akiisoma atapeleka jikoni, na mara nyingi mpishi mwenyewe atatoka kukuonyesha kwa kidole unachoweza kula.

我不吃猪肉,也不吃猪油。
Sili nyama ya nguruwe, wala mafuta ya nguruwe.

请问哪个菜没有猪肉?
Naomba unionyeshe chakula kipi hakina nguruwe.

我对花生过敏。
Karanga zinanidhuru. Mstari huu ni kwa wenye mzio tu, na wasiuache, maana Guangdong hupikia sana mafuta ya karanga.

不要辣。
Pilipili usitie.

请先上米饭。
Wali uje kwanza, tafadhali.